Seli Isiyogawana Sawa

Sokoni Longisa, kando ya barabara inayotoka Bomet kuelekea Mulot na Narok, ndizi iliyoiva kupita kiasi haikai peke yake. Kabla ya jioni imekwisha kuzungukwa na vijinzi vyenye macho mekundu na mwili wa rangi ya mchanga, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita 3 au pungufu. Mwenye kibanda huvipunga kwa mkono, vikatawanyika, vikarudi. Mkulima anapomlaani nzi wa matunda, aghalabu humkusudia mwingine, yule mkubwa anayetoboa maembe mabichi, ambaye spishi yake kutoka Asia ilionekana katika pwani ya Kenya mwaka 2003. Huyu mdogo hafuati tunda zima. Hufuata chachu inayoota katika tunda lililokwisha kuanza kuoza. Wanasayansi humwita Drosophila melanogaster, na mengi tunayoyajua kuhusu jinsi ubongo unavyoanza kujengwa yametoka kwake.

Ni mwenyeji wa bara hili. Mfaransa Daniel Lachaise na wenzake walilieleza jambo hilo kwa kina mwaka 1988, wakifuatilia spishi ndugu zake zilizobaki Afrika na visiwa vya jirani. Mwaka 2012 John Pool na wenzake walichapisha jenomu za nasaba 139 za nzi waliokusanywa katika maeneo 22 ya Afrika kusini mwa Sahara. Walikuwamo nzi wa Nyahururu, Marigat na Thika, wa Uyole karibu na Mbeya, wa Namulonge na Masindi nchini Uganda, na wa Gikongoro nchini Rwanda. Utofauti mkubwa zaidi wa jeni uko kwa nzi wa kusini, upande wa Zambia na Zimbabwe, ishara kwamba huko ndiko chimbuko. Mwaka 2018 timu ya Marcus Stensmyr wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, ilimkuta akiishi porini kwenye vilima vya Matopos nchini Zimbabwe, akila matunda ya mng'ongo. Kutoka Afrika alimfuata binadamu hadi Ulaya na Asia, kisha akavuka bahari kwenda Amerika. Thomas Hunt Morgan alipoanza kumfuga ndani ya chupa za maziwa katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, karibu mwaka 1908, alikuwa anafuga mhamiaji aliyetoka kwetu.

Yai la nzi huyu lina urefu wa nusu milimita. Likiwekwa kwenye joto la nyuzi 25, buu hutoka baada ya saa 24 hivi. Yapata saa 4 tangu yai litagwe, tabaka la seli lililo upande wa tumbo la kiinitete huanza kuachia baadhi ya seli zake. Zilizochaguliwa hunenepa, hujichomoa kwenye tabaka na kuzama ndani. Hizo ndizo nyuroblasti, seli tangulizi za mfumo wa neva. Katika kila nusu ya pingili ya mwili huwa kama 30, na kila moja ina nafasi yake isiyobadilika kati ya kiinitete kimoja na kingine, hata wataalamu wameweza kuzipa namba.

Nyuroblasti ikigawanyika haitoi pacha wanaofanana. Hubaki kubwa, ikamtoa mdogo upande wa ndani wa mwili. Mchai wa Kericho hufanya kitu cha namna hiyo: mchumaji huchukua majani mawili na chipukizi, kichaka kikabaki shambani kuchipua tena, na kilichochumwa hakirudi kuwa kichaka. Seli kubwa huendelea kuwa nyuroblasti, na kabla ya saa moja kwisha inagawanyika tena. Seli ndogo hugawanyika mara moja tu na kutoa seli mbili za neva ambazo hazitagawanyika tena maisha yote. Zote mbili, kubwa na ndogo, zina kromosomu zilezile na jeni zilezile. Ni nani basi aliyeiambia moja ibaki na nyingine iende?

Swali hilo lilianza kuulizwa kabla hata ya kujulikana jeni ni nini. Mmarekani Charles Otis Whitman alifuatilia seli za kiinitete cha ruba mwaka 1878, moja baada ya nyingine, akaona kwamba kila seli ilikuwa na ukoo wake. Mwanafunzi wake William Morton Wheeler, aliyekuja kupata umaarufu kwa utafiti wa siafu na sisimizi, aligeukia viinitete vya panzi. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1893 alieleza seli kubwa zilizopangika katika safu, kila moja ikiwa na mlolongo wa seli ndogo juu yake, kama kwamba inazizalisha kwa zamu. Yalikuwa maelezo ya mtu mwenye darubini ya kawaida, rangi za kupakia na subira isiyo ya kawaida, nayo yamesimama hadi leo.

Mwaka 1905 Edwin Conklin, akiwa kituo cha baharini cha Woods Hole, aliangalia yai la mnyama mdogo wa baharini ambalo ndani yake kuna utomvu wa rangi ya manjano. Yai lilipogawanyika, utomvu ule haukwenda kila upande. Uliingia katika seli fulani tu, na seli hizo ndizo zilizokuja kuwa misuli. Kwa hiyo huenda siri haikuwa ndani ya kromosomu peke yake. Huenda seli mama ilikuwa na kitu katika utomvu wake ambacho ilikirundika upande mmoja kabla ya kujikata, ikamrithisha mtoto mmoja na kumnyima mwingine. Wazo lilikuwa zuri, lakini lilikaa karibu miaka 90 bila mtu kukionyesha kitu hicho katika seli ya neva.

Katikati ya miaka hiyo kazi iliwaangukia nzige. Wakenya wanawakumbuka vizuri: mwishoni mwa mwaka 2019 makundi ya nzige wa jangwani yaliingia kaunti za kaskazini mashariki na kusambaa, uvamizi uliotajwa kuwa mbaya zaidi nchini kwa miaka 70. Kwa mtaalamu wa viinitete mdudu huyu ni neema. Yai lake ni kubwa, na nyuroblasti zake zinaonekana waziwazi chini ya darubini zikiwa hai. Mwaka 1976 Mwingereza Michael Bate alichapisha ramani ya nyuroblasti za nzige msafiri, ndugu wa nzige wa jangwani. Katika pingili moja alihesabu bamba mbili za nyuroblasti 30 kila moja, na moja ya katikati. Ramani ile iliwapa watafiti uwezo wa kuitaja seli moja kwa anwani yake na kuirudia katika kila kiinitete.

Chris Doe na Corey Goodman waliutumia uwezo huo kikamilifu. Mwaka 1985 walieleza jinsi walivyoelekeza miale ya leza kwenye kiinitete cha panzi na kuua seli moja waliyoitaka. Waliua nyuroblasti changa, na seli ya jirani katika tabaka ikashika nafasi yake. Nafasi ndiyo iliyotoa cheo. Kwa seli ndogo mambo yalikuwa tofauti: itakuwa nini ilitegemea nyuroblasti iliyoizaa na zamu yake katika uzao. Jambo fulani lilikuwa linatendeka wakati wa kugawanyika kwenyewe.

Nzige, hata hivyo, hana jeni zinazochezeka kirahisi maabara. Nzi anazo. Kizazi chake ni siku 10, na tangu siku za Morgan watu walikuwa wamekusanya maelfu ya nasaba zenye hitilafu zinazojulikana. Donald Poulson alikuwa ameonyesha tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 kwamba kiinitete cha nzi kikikosa jeni iitwayo Notch, seli nyingi kupita kiasi hugeuka kuwa za neva na ngozi haipatikani. Kwa hiyo jeni za kugawa kazi kati ya seli zilikuwepo, na zingeweza kutafutwa moja moja.

Waliozipata walikuwa mume na mke. Yuh Nung Jan na Lily Jan walikulia Taiwan, wakasoma fizikia, kisha wakaenda Caltech, California, mwaka 1968 wakiwa na nia ya kuendelea na fizikia. Max Delbrück, ambaye mwenyewe aliiacha fizikia kwa ajili ya baiolojia, aliwavuta upande wake. Katika maabara yao pale Chuo Kikuu cha California, San Francisco, mwaka 1989 Tadashi Uemura na wenzake walieleza jeni waliyoiita numb. Nzi ana vinyweleo vya kuhisi, na kila kinyweleo hujengwa na seli chache zinazotokana na seli moja tangulizi. Jeni hiyo ikiharibika, seli zilizopaswa kuwa neva hugeuka kuwa seli za nje za kinyweleo. Mtoto mmoja anakuwa nakala ya nduguye.

Mwaka 1994 Michelle Rhyu, katika maabara hiyohiyo, aliitafuta protini ya Numb yenyewe ndani ya seli inayojiandaa kugawanyika. Aliikuta imekusanyika upande mmoja wa utando wa seli, katika umbo la hilali. Seli ilipokatika, Numb yote iliingia kwa mtoto mmoja. Kile alichokiona Conklin kwa macho katika yai la baharini mwaka 1905 sasa kilikuwa na jina na jeni yake, na kingeweza kuondolewa au kuongezwa kwa makusudi.

Mwaka uliofuata ulijaa. Juergen Knoblich na akina Jan walionyesha kwamba Numb hufanya hilali yake pia katika nyuroblasti za kiinitete, na kwamba kuna protini nyingine, Prospero, inayosafiri pamoja nayo. Fumio Matsuzaki na kundi lake nchini Japani walikuwa wamefikia jibu hilohilo kuhusu Prospero. Eric Spana na Chris Doe, yule wa leza, nao vilevile. Makundi matatu, mwaka 1995, jambo moja: Prospero hukaa imeshikiliwa kwenye ukingo wa chini wa nyuroblasti, huingia katika seli ndogo, na hapo huachiliwa, ikazama ndani ya kiini na kuzifunga jeni zinazoifanya seli ya ukoo huu iendelee kugawanyika. Seli kubwa inabaki bila Prospero kiinini mwake, na kwa sababu hiyo inabaki kuwa ilivyo.

Baada ya hapo vipande vilipatikana kwa kasi. Mwaka 1996 ilijulikana kwamba protini Inscuteable, inayokaa upande wa juu, huamua seli igawanyike kwa mwelekeo gani. Mwaka 1997 ikapatikana Miranda, inayomshika Prospero na kumpeleka chini. Mwaka 2000 Andrea Brand na wenzake Uingereza walitengeneza nzi ambao nyuzi zao za kuvutia kromosomu zinang'aa, wakarekodi nyuroblasti zikiwa hai. Picha zilionyesha nyuzi zikianza zikiwa zimelala sambamba na tabaka, kisha mtambo mzima ukigeuka nyuzi 90 na kusimama wima kabla ya seli kukatika. Kromosomu zinagawanywa sawasawa kabisa. Kinachogawanywa bila usawa ni ukubwa wa seli na protini zilizomo.

Ilibaki hofu moja ya kweli. Seli ambayo haijui kuacha kugawanyika ina jina jingine hospitalini. Calvin Bridges, mwanafunzi wa Morgan, alikuwa amegundua katika miaka ya 1930 jeni ambayo ikiharibika buu huvimba, hushindwa kugeuka nzi na hufa. Inaandikwa kwa kifupi l(2)gl. Miongo kadhaa baadaye Elisabeth Gateff alionyesha kwamba ubongo wa mabuu hao una uvimbe wa saratani unaoua hata ukipandikizwa kwa nzi mwingine. Mwaka 2005 Emmanuel Caussinus na Cayetano Gonzalez walichukua vipande vya ubongo wa mabuu wenye hitilafu katika jeni za mgawanyo usio sawa, zikiwemo numb, miranda na prospero, wakavipandikiza tumboni mwa nzi wazima. Vipande vilikua zaidi ya mara 100, vikavamia viungo vingine na kuwaua nzi ndani ya wiki 2. Vikihamishwa kutoka nzi mmoja hadi mwingine viliendelea kuishi kwa miaka. Mpango wa kugawanya ulipovurugika, seli ndogo zilikataa kuwa ndogo.

Huo ni upande mmoja wa hatari. Upande wa pili ni seli tangulizi kuzaa kidogo mno, na ubongo ukabaki mdogo. Ili kuufikia upande huo, historia inabidi irudi Afrika Mashariki.

Wakfu wa Rockefeller ulianzisha taasisi ya kuchunguza homa ya manjano pale Entebbe, Uganda, mwaka 1936. Mmoja wa waliofanya kazi huko alikuwa Alexander Haddow, Mskoti aliyekuwa amepitia Kisumu. Utafiti wake kuhusu mbu wa ndani ya nyumba za wenyeji wa Kisumu ulichapishwa mwaka 1942. Entebbe aliungana na George Dick na Stuart Kitchen. Mbinu yao ya kuwinda homa ya manjano ilikuwa kuweka nyani wa Kiasia ndani ya vizimba kwenye majukwaa juu ya miti, katika msitu mdogo wa Zika ulio kando ya ziwa, barabara ya kwenda Kampala. Mbu wangewauma, na nyani atakayeshikwa na homa angetolewa damu.

Aprili 1947 nyani namba 766 alipata homa. Maji ya damu yake yalidungwa katika ubongo wa panya weupe wa maabara, nao wakaugua. Virusi vilivyotolewa humo havikuwa vya homa ya manjano. Januari 1948 virusi vilevile vilipatikana katika mbu aina ya Aedes africanus waliokamatwa katika msitu huohuo. Dick na wenzake walichapisha habari hizo mwaka 1952, na hata wakati huo walisisitiza kwamba katika panya virusi hivi vinapenda ubongo. Majina ya Waganda waliopanda miti usiku kuwakamata mbu hayamo kwenye kichwa cha makala yao, ingawa bila mikono yao kusingekuwa na cha kuchapisha. Baadaye Mganda Louis Mukwaya, mtaalamu wa wadudu, aliutumikia msitu huo kwa miongo mingi chini ya taasisi ileile, ambayo sasa ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda.

Kwa miaka 60 Zika, kama virusi hivyo vilivyoitwa kwa jina la msitu, ilihesabiwa kuwa homa nyepesi ya vipele na macho mekundu. Ilijitokeza katika kisiwa cha Yap mwaka 2007, ikafika visiwa vya Polinesia vya Ufaransa mwaka 2013, na mwaka 2015 ilikuwa Brazili. Huko madaktari wa kaskazini mashariki walianza kuona watoto wanaozaliwa na vichwa vidogo mno. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa.

Kipimo cha kwanza cha hali hiyo, inayoitwa mikrosefali, ni utepe. Katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyopo Longisa, kama katika wodi yoyote ya uzazi, chombo hicho kinapatikana. Mwezi Machi 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtoto aliyetimiza miezi yake azingatiwe ikiwa mzingo wa kichwa uko chini ya sentimita 31.9 kwa wavulana au 31.5 kwa wasichana. Utepe unaonyesha kwamba ubongo haukukua. Hauonyeshi ni seli gani ilikosea, wala ilikosea lini.

Mwezi huohuo Hengli Tang, Hongjun Song na Guo-li Ming nchini Marekani walitoa sehemu ya jibu. Walikuza maabara seli tangulizi za neva za binadamu na kuziwekea virusi vya Zika. Virusi viliziingia kwa wepesi, vikavuruga mgawanyiko wake na kuziua. Nasaba ya virusi waliyotumia inaitwa MR766, na namba hiyo ni ya yule nyani wa Entebbe. Virusi vya mwaka 1947 vilikuwa vimehifadhiwa na kupitishwa katika ubongo wa panya zaidi ya mara 100, jambo lililowafanya baadhi ya wataalamu kuuliza kama bado vilikuwa vilevile. Majaribio yalirudiwa kwa virusi vilivyotoka kwa wagonjwa wa karne hii, na shabaha ikawa ileile: seli tangulizi.

Hapa ndipo nzi wa ndizi alipoitwa tena. Hugo Bellen, Mbelgiji mwenye maabara katika Chuo cha Tiba cha Baylor mjini Houston, alikuwa na wenzake wamepekua kromosomu X ya nzi wakitafuta jeni zinazouathiri mfumo wa neva zikiharibika. Mwaka 2014 walieleza jeni moja, Ankle2, ambayo bila yake ubongo wa buu hubaki mdogo. Walipotafuta katika taarifa za wagonjwa waliikuta jeni hiyohiyo ya binadamu ikiwa na hitilafu katika familia moja yenye mikrosefali kali. Walimpa nzi mgonjwa jeni ya binadamu iliyo nzima, na ubongo wake ukakua. Wakati huo hakuna aliyekuwa akiwaza Zika.

Mwaka 2018 Priya Shah, Nevan Krogan na wenzao walipima protini moja moja za virusi vya Zika ili kujua kila moja inajishikiza kwa nani ndani ya seli ya binadamu. Protini iitwayo NS4A ilijishikiza kwa ANKLE2, protini ya jeni hiyohiyo kwa binadamu. Wakaiweka NS4A katika nzi, bila virusi vyenyewe, protini hiyo moja tu. Ubongo wa mabuu ukawa mdogo. Walipoongeza ANKLE2, ubongo ukarudi karibu na ukubwa wake.

Ilibaki kujua madhara yalitokea hatua gani, na kazi hiyo ilifanywa na Nichole Link katika maabara ya Bellen. Matokeo yake ya mwaka 2019 yanaunganisha karibu kila kitu kilichosimuliwa hapa. Nyuroblasti za kiinitete nyingi hulala mwishoni mwa kipindi cha yai, kisha huamka ndani ya buu na kuendelea kugawanyika kwa mtindo uleule. Link alizichunguza hizo zilizoamka. Ankle2 ikipungua, utando unaozunguka kiini cha seli hulegea. Kimeng'enya kimoja kilichopaswa kukaa ndani, kiitwacho Ballchen, huvuja nje. Protini za upande wa juu wa seli, zile zinazotangulia kupanga nani akae wapi, hukosa nafasi yake, na nyuzi za kuvuta kromosomu hazisimami tena katika mwelekeo sahihi. Nyuroblasti hupoteza juu na chini yake. Ubongo unabaki mdogo.

Kisha Link alifanya jambo ambalo nzi pekee hulirahisisha kiasi hicho. Aliondoa nakala moja kati ya mbili za jeni ya Ballchen, na nzi waliopaswa kufa wakaishi, ubongo wao ukiwa na ukubwa wa kawaida. Akajaribu tena kwa kuondoa nakala moja ya jeni nyingine, na matokeo yakawa hayohayo. Jeni hiyo ya pili ni l(2)gl, ileile aliyoigundua Bridges katika miaka ya 1930 alipoona mabuu wakivimba na kufa. Binadamu ana jeni za jamii ya zote mbili, na watafiti wameziweka katika orodha ya zile za kuangaliwa pale familia inapozaa watoto wenye mikrosefali bila maambukizi yoyote.

Mlipuko wa mikrosefali kama ule wa Brazili haujarekodiwa Afrika Mashariki. Si sababu ya kutulia. Mwaka 2021 watafiti walilinganisha nasaba za Zika za Afrika za miaka ya karibuni na zile za Asia na Amerika, wakakuta kwamba katika maabara, zile za Afrika ndizo zilizoambukiza mbu kwa urahisi zaidi na kudhuru zaidi mimba za panya. Dhana moja ni kwamba wasichana wetu huumwa na mbu na kupata kinga wangali wadogo. Dhana nyingine ni kwamba mimba zinazoharibika mapema hazihesabiwi na mtu. Chanjo iliyoidhinishwa hadi sasa hakuna.

Zana za kulishughulikia jambo hili si ghali kiasi cha kututisha. Chakula cha nzi wa maabara hupikwa kwa unga wa mahindi, sukari, chachu na kitu cha kugandisha. Tangu mwaka 2011 kozi za utafiti wa ubongo kwa kutumia nzi huyu zimefanyika Ishaka, magharibi mwa Uganda, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, na mwaka 2013 Isabel Palacios, aliyekuwa Cambridge, na María Dolores Martín-Bermudo wa Sevilla wakaanza kuleta warsha za mpango wao wa DrosAfrica chuoni hapohapo. Waliopita humo wametoka nchi nyingi za bara hili. Nasaba nyingi zinazotumika katika maabara za dunia zinatokana na nzi waliotoka Afrika zamani wakiwa wachache, na utofauti wao wa jeni ni mdogo. Nzi wa Nyahururu, Marigat na Namulonge wana utofauti mkubwa kuliko wao. Kuwawekea nzi hao NS4A na kuangalia ni nasaba ipi ubongo wake unasinyaa na ipi unastahimili ni jaribio ambalo mtafiti wa Nairobi au Ishaka angeweza kulianza akiwa na darubini nzuri, chupa, unga na nzi waliokusanywa katika masoko ya hapa.